Je, Wajua? Rangi za Mara Katika Lenzi za Kale za Kirusi

Lenzi ndogo za kamera za zamani za Kisovieti, zile za Zorki, FED na Kiev, zinapendwa tena na wapiga picha wa filamu. Sifa yake kubwa ni rangi: wengine husema ni laini, wengine husema zina joto. Lakini rangi ya picha ya filamu haitoki kwenye lenzi peke yake. Hupitia mambo manne: jua, kioo, utando uliopakwa juu ya kioo, na filamu yenyewe. Leo tunayapitia moja baada ya jingine, tukiwa Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu mwanga wa mkoa wa Mara una tabia zake, na anayezijua tabia hizo ataipata rangi anayoitaka bila kununua lenzi nyingine.

JUA

Je, wajua kwamba jua la Musoma hufika juu kabisa yapata saa saba kasoro robo mchana, wala si saa sita?
Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Musoma iko karibu na digrii 34. Kila digrii moja ni dakika nne. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli huchelewa kwa takriban dakika 45, na machweo huchelewa vivyo hivyo. Mpiga picha anayekimbia jua kali asirudi kazini saa nane mchana akidhani limeshalegea. Mwanga mzuri wa dhahabu huanza kuja baada ya saa kumi na moja jioni.

Je, wajua kwamba hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo jua la adhuhuri Musoma hushuka chini ya digrii 65 kutoka upeo wa macho?
Mji uko digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini kabisa. Ndiyo maana picha ya mtu iliyopigwa mchana uwanjani huwa na giza machoni na chini ya kidevu. Lenzi haiwezi kuondoa kivuli hicho, iwe ya Kirusi au ya Kijapani. Baraza la nyumba linaweza, na kivuli cha mwembe kinaweza.

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari?
Katika kimo hicho hewa iliyo juu yetu ni nyembamba kuliko ya Tanga au Mtwara, na miale ya urujuanimno hutufikia kwa wingi zaidi. Jicho haliioni, lakini tabaka la filamu linalopokea buluu linaipokea. Matokeo yake ni visiwa na vilima vya mbali kutoka na ubuluu ambao wewe uliyesimama pale hukuuona. Chujio la kuzuia miale hiyo husaidia. Jupiter-8 na Industar-61 zote hutumia chujio la milimita 40.5, hivyo moja linatosha kwa lenzi mbili.

KIOO

Je, wajua kwamba Jupiter-8, lenzi mashuhuri kuliko zote za Zorki, asili yake ni Ujerumani?
Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Ludwig Bertele wa kampuni ya Zeiss alibuni lenzi iliyoitwa Sonnar. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walichukua mitambo, michoro na vioo vya Zeiss kama fidia ya vita. Mhandisi Mikhail Maltsev akapiga upya hesabu za lenzi hizo ili zifanyike kwa kioo kilichotengenezwa nyumbani kwao. Ndipo ikazaliwa familia ya Jupiter: Jupiter-8 ya milimita 50 na f/2, Jupiter-3 ya f/1.5, na Jupiter-9 ya milimita 85. Jupiter-12 ya milimita 35 ilitokana na kazi nyingine ya Bertele, Biogon.

Je, wajua kwamba nyingi ya kamera tunazoziita za Kirusi zilitengenezwa Ukraine?
FED zilitoka Kharkiv. Kiev zilitoka kiwanda cha Arsenal, jijini Kyiv. Zorki ndizo zilizotoka Krasnogorsk, karibu na Moscow.

Je, wajua kwamba FED za kwanza ziliundwa na vijana yatima?
Kiwanda kilianza ndani ya makazi ya watoto waliookotwa mitaani, yaliyoongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Vijana hao walisoma nusu ya siku na kufanya kazi nusu nyingine, na mwaka 1934 walianza kutoa kwa wingi kamera iliyofuata mfano wa Leica ya Ujerumani. Unapoishika FED ya wakati ule, unashika kazi ya mikono ya watoto ambao jamii ilikuwa imeshawakatia tamaa. Hilo pekee linatosha kuifanya itunzwe.

Je, wajua kwamba kila uso wa kioo usiopakwa utando hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga?
Jupiter-8 ina vioo sita, lakini vimegandishwa katika mafungu matatu, hivyo mwanga hukutana na nyuso sita tu zinazogusana na hewa. Piga hesabu: bila utando, karibu asilimia 22 ya mwanga ingepotea. Bertele alivigandisha vioo makusudi, kwa kuwa alipobuni Sonnar utando haukuwa umevumbuliwa. Kila pengo la hewa aliloliziba liliokoa rangi.

Je, wajua kwamba mwanga huo unaorudishwa nyuma ndio siri ya rangi laini?
Sehemu yake haitoki nje. Hudundadunda kati ya vioo, kisha huangukia filamu yote kama ukungu mweupe. Rangi yoyote ikichanganywa na nyeupe hupauka: nyekundu ya kanga husogea kuelekea waridi, na weusi wa kivuli huwa kijivu. Kwa hiyo ule ulaini unaosifiwa ni mwanga uliopotea njia. Mpiga picha mzuri anajua wakati wa kuuruhusu na wakati wa kuuzuia.

Je, wajua kwamba Industar-61 ina madini ya lantani ndani ya kioo chake?
Herufi L katika jina Industar-61 L/D inasimamia lantani, elementi namba 57. Kioo cha lantani hupinda mwanga kwa nguvu bila kuzitawanya sana rangi zake, hivyo nyekundu na buluu hukutana karibu mahali pamoja juu ya filamu. Mpangilio wake wa vioo vinne unafuata Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph mwaka 1902. Matokeo ni picha yenye ncha kali na rangi iliyokaza kuliko ya Jupiter-8. Anayetaka samawati ya anga la Butiama itoke imejaa, aanze na hii.

Je, wajua kwamba lenzi nyingi za Kisovieti hujitajia umri?
Soma tarakimu mbili za kwanza za namba iliyochongwa mbele. Lenzi yenye namba inayoanza na 65 kwa kawaida ni ya mwaka 1965. Umri una maana kwenye rangi, kwa kuwa gundi ya utomvu iliyotumika kuunganisha vioo vya zamani inaweza kugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Hapo picha hupata joto ambalo mbunifu wa lenzi hakulikusudia. Lenzi mbili za jina moja zinaweza kutoa rangi mbili.

UTANDO

Je, wajua maana ya herufi nyekundu П mbele ya lenzi?
Ni alama ya kwamba vioo vimepakwa utando wa kupunguza mng'ao. Ukiiona, jua kwamba lenzi hiyo hupoteza mwanga kidogo kuliko ndugu zake wa kabla ya vita.

Je, wajua kwamba aliyevumbua utando huo ni mzaliwa wa kijiji cha Ukraine?
Olexander Smakula alizaliwa Dobrovody, akafanya kazi Zeiss, na mwaka 1935 akagundua namna ya kupaka juu ya kioo utando mwembamba wa madini. Baada ya vita alihamia Marekani akafundisha chuo cha MIT. Kila kamera inayouzwa leo, pamoja na ile ya simu yako, inatumia wazo lake.

Je, wajua kwamba utando huo una unene wa takriban nanomita 100 tu?
Unene huo ni robo ya urefu wa wimbi la mwanga wa kijani ukiwa ndani ya utando. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake huuana. Lakini tabaka moja huua vizuri rangi moja tu. Kijani kikipita chote, buluu na nyekundu kidogo hurudishwa nyuma, na ndiyo sababu lenzi hizi hung'aa zambarau ukizitazama kwa pembeni. Lenzi za kisasa zina matabaka mengi, kila moja likishughulikia sehemu yake ya upinde wa mvua.

Je, wajua kwamba kofia ya lenzi ya bei ndogo inaweza kubadilisha rangi kuliko lenzi mpya?
Musoma iko ufukwe wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua la jioni huwa mbele yako kila unapoelekeza kamera majini. Pale ufukweni Mwigobero, maji nayo yanarudisha mwanga kutoka chini. Lenzi ya tabaka moja hushindwa kuhimili hujuma ya pande mbili. Weka kofia, au kinga lenzi kwa kiganja, na buluu ya boti itarejea.

Je, wajua kwamba unaweza kuuondoa mng'ao wa ziwa hata kama kamera yako haionyeshi kinachopita kwenye lenzi?
Kamera hizi hulenga kupitia dirisha dogo la pembeni, hivyo chujio la polaraizi ukilifunga huoni linafanya nini. Lishike kwanza mbele ya jicho, lizungushe mpaka mng'ao wa maji upungue, kariri alama iliyo juu, kisha lifunge kwenye lenzi alama ikiwa mahali palepale. Hufanya kazi vizuri zaidi unapoyatazama maji kwa pembe ya digrii 37 hivi kutoka usawa wake.

FILAMU

Je, wajua kwamba filamu ya rangi ya Kisovieti ilifika kwa njia ileile iliyoleta lenzi?
Agfacolor Neu ilitoka mwaka 1936 katika kiwanda cha Wolfen, Ujerumani. Baada ya vita Wasovieti walichukua maarifa na mitambo ya hapo, na kiwanda cha Shostka nchini Ukraine kikaja kutoa filamu za rangi za Svema. Mwaka 1946, sinema ya Kisovieti *Ua la Jiwe* ya Aleksandr Ptushko, iliyopigwa kwa filamu ya Agfacolor, ilipata tuzo ya rangi katika tamasha la Cannes.

Je, wajua kwamba chumvi zote za fedha ndani ya filamu huona buluu, hata zile zisizotakiwa kuiona?
Ndiyo maana tabaka la buluu huwekwa juu, na chini yake huwekwa chujio la manjano lizuie buluu isishuke kwenye matabaka ya kijani na nyekundu.

Je, wajua kwamba filamu ya negativu huficha rangi ya lenzi?
Fundi au mashine inayochapa picha hupima rangi na kuzisawazisha. Joto dogo la Jupiter-8 linaweza kufutwa hapo bila wewe kujua. Wanaobishana kuhusu rangi ya lenzi kwa kutazama picha zilizochapwa, mara nyingi wanabishana kuhusu mafundi wawili. Anayetaka ukweli atumie filamu ya slaidi, ambayo haina hatua hiyo. Kodak waliirudisha sokoni Ektachrome mwaka 2018.

Je, wajua kwamba filamu ya negativu ya rangi husafishwa kwenye dawa ya nyuzijoto 37.8 kwa dakika tatu na sekunde 15?
Njia hiyo inaitwa C-41 na ilianza mwaka 1972. Dawa ikipoa kidogo tu, rangi huyumba.

Je, wajua kwamba pamba ya Bunda ni kipimo kizuri cha lenzi?
Kitu cheupe hakina pa kuficha rangi ya ziada. Wakati wa mavuno, piga rundo moja la pamba kwa lenzi mbili, katika mwanga uleule, kwenye filamu ileile, na uagize zisisahihishwe rangi. Rundo likitoka la manjano kwenye lenzi moja na jeupe kwenye nyingine, umeshajua ipi ina joto.

Je, wajua kwamba mchana wa Bunda hauruhusu f/2?
Kwa filamu ya ISO 200 kwenye jua wazi, kanuni ya kale ni f/16 kwa kasi ya 1/250 hivi. Ukitaka kufungua Jupiter-8 hadi f/2, utahitaji kasi inayozidi 1/12,000, na Zorki-4 inakomea 1/1000. Kwa hiyo ule mwonekano wa ndoto ambao Jupiter hutoa ikifunguliwa yote, utaupata alfajiri, jioni, ndani ya nyumba, au kwa chujio jeusi la kupunguza mwanga. Mchana tumia f/8. Rangi zitakaza na ncha zitakuwa kali.

Je, wajua kwamba mita ya Kiev-4 haitumii betri?
Ina seleni, ambayo hutoa umeme kidogo ikipigwa na mwanga. Lakini mita yoyote hudanganyika. Ukiielekeza kwenye dagaa walioanikwa ufukweni, waking'aa kama fedha, itadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na picha itatoka na giza na rangi chafu. Butiama ina dawa ya tatizo hilo: mawe yake makubwa ya graniti. Kijivu chake kinakaribia kijivu cha wastani ambacho mita zimepangiwa. Pima jiwe lililo kwenye jua lilelile, kisha geuka upige unachotaka.

NGOZI

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi filamu za rangi zilirekebishwa kwa kutumia ngozi nyeupe?
Maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi ilipoteza umbo, ikabaki macho na meno. Msukumo wa mabadiliko Kodak ulitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Kodak Gold ya miaka ya 1980 ilinadiwa kwamba inaweza kuonyesha farasi mweusi katika mwanga hafifu. Na mwishoni mwa miaka ya 1970, mwongozaji wa Kifaransa Jean-Luc Godard, akifanya kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi wa rangi.

Je, wajua kwamba kasoro ya lenzi ya kale inaweza kuitendea haki sura nyeusi?
Ule ukungu mweupe tuliousema unainua kidogo sehemu za giza. Sura ya mvuvi chini ya kofia, ambayo lenzi ya kisasa yenye weusi mkali ingeizamisha, hupata nafasi ya kuonekana. Lakini usiiachie lenzi kazi hiyo. Pima mwanga kwenye ngozi yenyewe, si kwenye anga wala shati jeupe, na ukitumia filamu ya negativu usiogope kuipa mwanga zaidi ya ule uliooneshwa unapopima anga. Negativu husamehe mwanga ukizidi, haisamehi ukipungua. Watu wetu wamefichwa gizani miaka mingi na vipimo vya wengine. Kuwapimia wao kwanza ni heshima, na ndiyo ufundi.

Je, wajua kwa nini albamu za nyumbani za miaka ya 1970 zinageuka nyekundu?
Katika karatasi nyingi za wakati ule, rangi ya samawati-kijani ndiyo iliyochakaa haraka zaidi, hata picha ikiwa imefungiwa kabatini. Ikiondoka, nyekundu inabaki inatawala. Hivyo usiilaumu lenzi, wala usidhani kizazi kile kilivaa mavazi mekundu. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na kumbukumbu za familia zinastahili uangalifu huohuo: mahali pakavu, pasipo joto, na nakala ya kidijitali kabla rangi hazijaisha.

UTUNZAJI

Je, wajua kwamba jua linaweza kutoboa Zorki na FED?
Pazia linalozuia mwanga ndani yake ni la kitambaa chenye mpira, na hakuna kioo cha kuakisi mbele yake. Lenzi ikiachwa inatazama jua, hulikusanya juu ya kitambaa na kukiunguza. Picha zote zitakazofuata zitakuwa na doa la mwanga. Funika lenzi kila unapomaliza, hasa ukiwa kwenye boti. Kiev ina pazia la chuma, kwa hiyo haiathiriki hivyo.

Je, wajua kwamba kasi ya Zorki na FED hubadilishwa baada ya kuvuta filamu, si kabla?
Kukosea utaratibu huo kunaweza kuvunja mitambo ya ndani.

Je, wajua kwamba kuvu huota kwenye kioo?
Unyevu wa kando ya ziwa na giza la begi la ngozi ndivyo vinavyoukuza. Nyuzi zake hutawanya mwanga na kupausha rangi, na zikikaa sana hula utando wenyewe. Tunza lenzi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na uitoe ikae hewani mara kwa mara.

Je, wajua kwamba lenzi hizi zimezaliwa upya?
Kampuni ya Lomography ilitoa upya Russar ya milimita 20 mwaka 2014, na Jupiter-3 mwaka 2016, zikitengenezwa Urusi.

Je, wajua kwamba filamu moja ya picha 36 inatosha kukujulisha rangi ya lenzi yako?
Piga 12 Bunda, kwenye pamba na vumbi la barabara. Piga 12 Butiama, kwenye mawe ya graniti na nyuso za watu walioketi kivulini. Piga 12 Musoma, ziwani, kuanzia asubuhi hadi machweo. Kwa kila picha andika saa, tundu, kasi, na jua lilikuwa upande gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha zikirudi, zilinganishe na maandishi, nawe utaweza kusema kwa uhakika ipi ni rangi ya lenzi, ipi ya filamu, na ipi ni ya Mara.